Mkuu wa Frimasoni Afrika Mashariki anawekwa na nani? Jinsi ngazi ya majimbo na wilaya ilivyozaliwa

Swali: Tangu utotoni nasikia kwamba marehemu Sir Andy Chande alikuwa "mkuu wa Freemason Afrika Mashariki". Habari za mashetani na kafara nimezisikia za kunitosha, sizitaki. Nauliza cheo chenyewe. Kilitoka wapi? Alichaguliwa na wanachama wa huku au aliwekwa na London? Na mbona Marekani, yenye Wafrimasoni wengi kutuzidi mbali, haina mkuu mmoja wa nchi nzima? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Aliwekwa, tena kwa hati iliyotoka London. Wanachama wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hawakupiga kura. Ukiishia hapo, hata hivyo, utakosa uhondo, kwa sababu cheo hicho hakuna aliyekaa mezani siku moja akakichora. Kilizaliwa na umbali, kikagombewa, Marekani kikavunjika kabisa, Uingereza kikafanyiwa marekebisho, ndipo kikapanda meli kuja kwetu kikiwa kimeshakomaa.

Tuanze London. Kwa mapokeo ya Wafrimasoni wenyewe, tarehe 24 Juni 1717, sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, loji nne (yaani matawi ya chama) za mji huo zilikutana katika kilabu cha pombe kilichoitwa Goose and Gridiron, jirani na kanisa la St Paul's, zikamchagua Anthony Sayer kuwa Mkuu wao. Aliyetuachia simulizi hiyo ni mchungaji James Anderson, naye aliiandika mwaka 1738, zaidi ya miaka ishirini baada ya tukio. Ndiyo maana wapo wanahistoria wa leo wanaoitilia shaka, wakisema Loji Kuu, yaani chombo kinachoziunganisha loji, ilianza hasa mwaka 1721, alipopatikana Mkuu wa kwanza mwenye daraja la ukabaila, Duke wa Montagu. Wabishane. Kwa swali lako inatosha kujua kwamba, mwaka wowote iwao, kilikuwa chombo cha mji mmoja. Kanuni zilizochapishwa 1723 zilitungwa kwa ajili ya loji za London, Westminster na viunga vyake. Hazina neno hata moja kuhusu kiongozi wa jimbo.

Hawakumhitaji. Mwenyekiti wa kila loji na wasaidizi wake wawili walihudhuria kikao cha Loji Kuu kila robo mwaka, wakajadili, wakapiga kura, na usiku uleule wakarudi makwao kwa miguu. Ngazi mbili tu: loji, na Loji Kuu. Mtu akikosa, mlalamikaji na mlalamikiwa wanakutana ana kwa ana.

Mambo yalibadilika loji za mikoani zilipoanza kutaka kuandikishwa London. Chester iko mbali. Kwa farasi na barabara za wakati ule, mwenyekiti wa loji ya Chester asingeweza kuhudhuria vikao vinne kwa mwaka na bado akawa na kazi ya kurudia. Katika daftari la Loji Kuu la mwaka 1725, kwenye orodha ya loji za Chester, tunakuta jina la Kanali Francis Columbine limeandikwa na cheo cha Mkuu wa Jimbo. Daftari halielezi cheo hicho ni nini wala mipaka yake. Kimejitokeza tu, kama vile kila mtu alikuwa anakijua. Mwaka 1727 Wales ikapata wakuu wawili, wa kaskazini na wa kusini. Hivyo ndivyo ngazi ya kati ilivyoingia, kwa mlango wa nyuma. Kwanza mtu akapewa kazi, sheria ya kueleza kazi hiyo ikafuata baadaye sana.

Shika jambo hili, maana yote yatakayofuata yanategemea hilo: kilichoundwa hakikuwa ofisi. Ilikuwa barua. Mkuu wa London alimwandikia mtu fulani kwa jina, akimkaimisha mamlaka yake mahali fulani. Jimbo lilikuwa ndani ya barua hiyo na si mahali pengine.

Sasa vuka bahari. Tarehe 5 Juni 1730 Loji Kuu ilimpa Daniel Coxe hati ya kuwa Mkuu wa Jimbo la New York, New Jersey na Pennsylvania. Hati hiyo ina kifungu ambacho kwa maoni yangu kingebadili historia yote ya chama hiki kama kingeshika mizizi. Coxe aliwekwa kwa miaka miwili. Baada ya hapo, ndugu wa huko waliruhusiwa kujichagulia wenyewe Mkuu wa Jimbo kila baada ya miaka miwili, siku ya Mtakatifu Yohana. Yaani London ilikuwa tayari, mapema namna hiyo, kuacha ngazi ya kati ichaguliwe kutoka chini. Lakini hakuna ushahidi kwamba Coxe aliitumia hati yake kuanzisha loji hata moja, na kifungu kile kikabaki karatasini. Miaka mitatu baadaye, Julai 1733, Henry Price wa Boston alianzisha uongozi wake wa New England chini ya hati ya mtindo wa kawaida: umewekwa, unateua naibu wako na maofisa wako, basi.

Philadelphia wakawa na mtindo wao. Walikuwa na loji, walijichagulia mkuu, na mwaka 1734 aliyechaguliwa alikuwa mchapishaji kijana, Benjamin Franklin. Mwaka huohuo Franklin alichapisha upya zile kanuni za Anderson, na mwezi Novemba akamwandikia Price kule Boston akiomba hati ya kuthibitisha haki ambazo ndugu wa Pennsylvania walikuwa wanajiona wanazo. Mtu aliyechaguliwa na wenzake anaomba karatasi kwa mtu aliyeteuliwa. Alijua udhaifu wake uko wapi.

Karatasi ilipatikana hatimaye mwaka 1749, Thomas Oxnard wa Boston alipomteua Franklin kuwa Mkuu wa Jimbo la Pennsylvania. Haikudumu mwaka. Mwezi Machi 1750 William Allen, tajiri mkubwa wa mji huo, alitokea na hati iliyotolewa moja kwa moja na Mkuu wa London, Lord Byron. Hati ya London ikaifunika ya Boston. Franklin akaachia kiti bila fujo, na Allen papo hapo akamfanya naibu wake. Kisa hiki nakipenda kuliko vifungu vyote vya katiba, kwa kuwa kinaonyesha kila kitu kwa mara moja. Kura ilikuwepo, sifa zilikuwepo, utumishi ulikuwepo, lakini kilichoamua ni barua ilitoka mkononi mwa nani.

Halafu kuna tatizo la kifo. Kama jimbo limo ndani ya barua, na barua ina jina la mtu, mtu huyo akifa jimbo liko wapi? Swali hilo lilijibiwa Boston kwa damu. Loji Kuu ya Scotland, iliyoundwa 1736 na yenye hati zake mbali na za London, ilimteua daktari Joseph Warren mwaka 1769 kuwa Mkuu wa Boston na eneo la maili mia moja kuizunguka, na mwaka 1772 ikampanulia mipaka hadi bara zima la Amerika. Tarehe 17 Juni 1775 Warren aliuawa na askari wa Uingereza kwenye mapigano ya Bunker Hill. Ndugu zake wakabaki wanatazamana. Mamlaka yao yote yalikuwa mwake, na kuomba hati mpya Edinburgh wakati mko vitani na taji la Uingereza haikuwezekana. Tarehe 8 Machi 1777 wakaamua: walikutana wakamchagua Joseph Webb, aliyekuwa naibu wa Warren, kuwa Mkuu wao, wala hakutajwa bwana yeyote wa ng'ambo. Virginia wakamchagua wao mwaka 1778. Pennsylvania wakajitangaza huru mwaka 1786. Kilichokuwa jimbo kikageuka Loji Kuu kamili, moja kwa kila jimbo la nchi mpya.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako. Walijaribu kuwa na mkuu mmoja. Loji Kuu ya Pennsylvania ilipendekeza mwaka 1780 kwamba Jenerali George Washington, naye akiwa Mfrimasoni, awe Mkuu wa nchi nzima. Ungedhani nani angempinga Washington mwaka ule? Lakini Massachusetts hawakuwa na haraka, wengine hawakuitika, na wazo likafa. Walikuwa wametoka tu kuonja kuamua mambo yao, hawakutaka bwana mwingine hata angekuwa shujaa. Mpaka leo kila jimbo la Marekani lina Loji Kuu yake isiyo na mtu juu yake. Cha kuchekesha ni kwamba ndani ya majimbo hayo umbali uleule ulizaa dawa ileile. Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 1800, iligawa eneo lake katika wilaya, na kila wilaya ikapewa naibu anayeteuliwa na Mkuu.

Weusi wa Boston walipitia njia yao. Prince Hall na wenzake walipata hati ya African Lodge namba 459 kutoka London, yenye tarehe ya 29 Septemba 1784, iliyowafikia 1787. Loji za wazungu wa pale hazikuwakubali. Mwaka 1797 Prince Hall akaruhusu loji zaidi Philadelphia na Providence, na kazi hiyo ni ya Mkuu wa Jimbo, iwe alikuwa na barua ya cheo hicho au hakuwa nayo. Baada ya 1813 London ilipanga upya orodha yake na African Lodge ikaachwa nje. Mwaka 1827 wakajitangaza huru. London iliitambua Loji Kuu yao ya Massachusetts mwaka 1994.

Turudi Uingereza, maana huko ngazi ya kati ilinusurika, na sababu kubwa ni mtu mmoja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 Mkuu wa Jimbo alikuwa bwana mkubwa wa mashamba aliyekubali cheo kisha akasahau. Thomas Dunckerley alikuwa wa aina nyingine. Alikuwa mpiga mizinga wa jeshi la majini aliyejitangaza kuwa mtoto wa nje wa Mfalme George II (leo kuna watafiti wanaosema alijitungia), na kuanzia 1767 alipewa Hampshire, kisha jimbo baada ya jimbo, hadi akawa anaongoza mengi kwa pamoja. Alisafiri. Aliitisha vikao vya jimbo, akateua maofisa, akadai michango, akaandika barua kwa loji zilizolala. Alipofariki 1795, dhana ya kwamba jimbo ni kitu kinachokutana, chenye katibu na daftari, ilikuwa imezoeleka.

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa na Loji Kuu mbili zinazochukiana. Ile ya pili, iliyojiita ya Wakale, ilianzishwa 1751, na katibu wake Laurence Dermott aliiendesha kwa mtindo wa kushika kila kitu London. Zilipoungana tarehe 27 Desemba 1813, chini ya Duke wa Sussex, ndipo mfumo wa majimbo ulipoandikwa kama sheria. Nikiulizwa muundo tulionao leo una umri gani, tarehe ninayoitaja ni hiyo, wala siyo 1717. Kanuni mpya zilisema wazi kwamba Loji Kuu ya Jimbo inapata uhai wake kutoka kwa mamlaka aliyopewa Mkuu wa Jimbo, haina nguvu nyingine zaidi ya hizo, na Mkuu akifa au akijiuzulu shughuli zake zinakatika mpaka awekwe mwingine. Lile jeraha la Boston lilitiwa kwenye maandishi likiwa hivyohivyo. Sussex hakutaka kuliponya, kwa kuwa jimbo lisiloweza kuishi bila barua yake lisingeweza kumkimbia.

Hata hivyo lilijaribu moja. Lancashire ilikuwa imevimba kwa viwanda vya pamba na bandari ya Liverpool, loji zimejaa, na wanachama wakalalamika kwamba Mkuu wao wa Jimbo hawajali na London haisikii. Sussex akawafukuza viongozi wa malalamiko. Mwaka 1823 waasi wakaunda Loji Kuu yao, ambayo makao yake yalihamia Wigan, na mabaki yake yalirudi kundini mwaka 1913 tu. Katika miaka hiyohiyo ya 1820 Lancashire ikagawanywa majimbo mawili, Mashariki na Magharibi. Fundisho waliloondoka nalo wakubwa wa London lilikuwa la kiutawala: jimbo lisiwe kubwa kupita uwezo wa mtu mmoja kulizunguka.

Kwa makoloni, Mkuu wa Jimbo aliitwa kwa jina lilelile mpaka miaka ya 1860, ambapo maeneo ya ng'ambo yalianza kuitwa Wilaya na yale ya Uingereza kubaki Majimbo. Tofauti ilikuwa ya kikazi pia. Hati ya kudumu ya kuanzisha loji hutolewa London, lakini Mkuu wa ng'ambo aliruhusiwa kutoa hati ya muda, kwa kuwa loji ya Calcutta au Cape Town isingeweza kukaa miezi ikisubiri meli. Ajabu ni kwamba London yenyewe ilibaki bila ngazi hii. Loji zake ziliripoti moja kwa moja makao makuu mpaka tarehe 1 Oktoba 2003, ulipozinduliwa uongozi wa jiji.

Afrika Mashariki ilipata loji yake ya Nairobi, Lodge Harmony namba 3084, mwanzoni mwa karne ya 20, mji ukiwa bado ni kambi ya reli. Wilaya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1926. Kabla ya hapo loji za huku zilishughulika na London bila mtu katikati. Leo wilaya hiyo inazikusanya Kenya, Uganda na Tanzania chini ya Mkuu mmoja, mwenye naibu, wasaidizi, katibu na mhazini. Chande aliiongoza kwa miaka mingi, naye alifariki 2017.

Nguvu zake zilikuwaje? Ndogo kuliko mtaani kunavyosemwa. Mkuu wa Wilaya anaweza kukagua loji, kusuluhisha ugomvi, kuonya na kusimamisha. Kumfukuza mtu chamani, au kufuta loji, ni kazi ya Loji Kuu. Kanuni za ndani za wilaya hazifanyi kazi mpaka zikubaliwe London. Mwenyekiti wa loji hamteui yeye. Wanachama humchagua kila mwaka kwa kura ya siri. Hata mhazini wa wilaya kwa desturi huchaguliwa na kikao. Kwa hiyo kuna kura chini kabisa, kuna uteuzi katikati, na juu kuna Mkuu anayechaguliwa na Loji Kuu, ingawa tangu 1967 kura hiyo ilipomwangukia Duke wa Kent imekuwa ya kurudia jina lilelile. Kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa kifalme, kazi za kila siku humwangukia msaidizi wake mkuu.

Silaha halisi ya Mkuu wa Wilaya ni heshima. Ndiye anayegawa vyeo vya wilaya kila mwaka, na mwenye cheo huvaa aproni yenye pambo la buluu iliyokoza badala ya buluu hafifu ya mwanachama wa kawaida. Usicheke. Watu wazima, mahakimu na wafanyabiashara, wamehudumu miaka kumi wakiosha vikombe na kuandika kumbukumbu za vikao kwa ajili ya buluu hiyo. Naamini ndiyo iliyoifanya ngazi ya kati idumu kuliko kifungu chochote cha sheria, kwa sababu kila anayetamani kupanda anamtazama mtu aliye karibu naye, na London inabaki mbali na bila lawama.

Umenikumbusha pia zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme, "jiunge na Freemason, piga namba hii". Kwa muundo niliokueleza, uone mwenyewe jinsi zilivyo za uongo. Mwombaji huingia kupitia loji, akipendekezwa na wanachama wanaomfahamu na kupigiwa kura hapo hapo lojini. Wilaya haiandikishi mtu. "Mkuu wa Afrika Mashariki" anayekupigia simu akiomba ada ya fomu ni tapeli.

Je, wilaya yetu ingeweza kujitenga kama Massachusetts? Njia ipo, tena ya amani. Kanuni za kutambuana ambazo London iliziandika 1929 zinakubali Loji Kuu mpya iliyoanzishwa na Loji Kuu inayotambuliwa, au na loji halali tatu au zaidi. India walifanya hivyo tarehe 24 Novemba 1961. Loji zilizokuwa chini ya Uingereza, Ireland na Scotland zilipewa hiari, nyingi zikaingia katika Loji Kuu ya India, na baadhi zikachagua kubaki na mama zao wa zamani, ambako bado ziko hadi leo. Kwetu hakuna uamuzi wa namna hiyo uliofanyika. Na ungekuwa na ugumu wake, kwa kuwa loji za Nairobi zenyewe hazina bosi mmoja: ziko za Kiingereza, ambazo humsikiliza Mkuu wa Wilaya, na ziko za Kiskoti, ambazo hati zao hutoka Edinburgh na ambazo Mkuu huyo hana amri nazo.